Fundi Anajibu: Trekta limeishiwa dizeli, sasa halitaki kuwaka

SWALI: Nalimia watu mashamba kwa malipo. Trekta langu ni la zamani, la silinda tatu. Liliishiwa dizeli katikati ya shamba. Nimejaza tangi na kupiga starta mpaka betri ikalala, lakini haliwaki. Je, pampu imekufa?

JIBU: Usiifungue pampu, ndugu yangu. Kilichoingia ni upepo. Dizeli haibonyei, ndiyo maana ikisukumwa hufungua nozeli, kile kinachonyunyizia dizeli ndani ya silinda; upepo hubonyea, na presha yote huishia humo kwenye povu. Chaji betri, futa vumbi kwenye kila nati utakayoigusa, halafu uanze kwenye filta.

Legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo juu ya filta, kisha pampu kwa mkono ule wenzo mdogo wa pampu ya kuvutia dizeli, ubavuni mwa injini. Kwanza litatoka povu jeupe, halafu dizeli yenye mapovu makubwa, mwisho dizeli tupu. Kaza huku bado unapampu. Hamia kwenye pampu ya nozeli. Kama ni ile ya mviringo, mara nyingi ina skrubu mbili, moja ubavuni na nyingine juu kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti kasi ya injini): toa upepo ubavuni kwanza, kisha juu. Malizia kwa kulegeza nati za mabomba ya nozeli mbili, upande wa nozeli. Vuta akselereta mpaka mwisho, rudisha kizimio ndani (wengi hukisahau nje!), piga starta. Dizeli ikitoka bila povu, kaza na uwashe. Usiweke kidole hapo; dizeli yenye presha hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali.

Wenzo ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, usikimbilie kununua pampu nyingine. Kamu, ile nundu inayozungushwa na injini, imesimama pale inapoubana mkono wa pampu kwa ndani. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, ujaribu tena.

Likiwaka kisha likazima baada ya dakika chache, tafuta kati ya tangi na pampu ndogo. Sehemu hiyo huvuta, haisukumi, kwa hiyo palipopasuka panaingiza upepo bila kudondosha hata tone injini ikiwa inafanya kazi. Washa za shaba zilizokazwa mara nyingi ndizo huanza. Badilisha, ni vitu vidogo.

SWALI: Trekta langu barabarani halichemki, hata likivuta tela lenye mzigo. Likianza kulima, mshale unapanda. Fundi ameshauri tutoe thamostati.

JIBU: Iache mahali pake; ndiyo mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Bila thamostati injini hukaa baridi kupita kiasi kwenye kazi nyepesi na kulika haraka, na kwenye injini nyingi sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta. Shambani kuna makapi na mbegu za majani, na rejeta yenye mafuta mafuta huyashika kama gundi. Injini ikishapoa, pitisha maji au upepo wa kompresa kutoka upande wa feni kwenda mbele. Ukipiga kutoka mbele unayashindilia ndani. Bonyeza mkanda wa feni katikati kwa dole gumba: uingie kama milimita 10.

Halafu angalia gia. Ukilima na gia kubwa huku injini inalalamika na kutoa moshi mweusi, feni na pampu ya maji zinazunguka polepole wakati ambapo joto ndilo jingi. Shuka gia moja, ongeza mafuta. Ila maji ya rejeta yakitoa mapovu injini ikiwa bado baridi, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na hapo kazi isimame.

SWALI: Nitoze kwa saa au kwa ekari?

JIBU: Kwa ekari, na shamba lipimwe mbele ya mwenyewe. Mita ya saa ya matrekta ya zamani huendeshwa na injini. Husoma saa kamili kwenye kasi moja tu, na chini ya hapo inakupunja. Kujua uwezo wako, jembe linalokata mita 0.9 likienda kilomita 6 kwa saa linapita mita za mraba 5,400. Toa robo kwa kugeuza na kupishanisha mistari, inabaki takriban ekari 1 kwa saa. Ukiahidi ekari 12 kwa siku, utamwangusha mtu wakati mvua imeshafika.

SWALI: Pikapu ya kubebea dizeli na spea ina betri mpya, lakini starta inazunguka kivivu.

JIBU: Angalia waya wa ethi kati ya chesisi na injini. Injini imekalia mipira, umeme hauna njia nyingine nzuri. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige starta. Ikizidi volti 0.5, fungua ncha zote, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu.