Dada, kabla ya vanishi kapime maji

Mleta mada, simama hapo hapo. Umesema mnakaa Usa River, huku Meru, mwanao wa miaka 8 meno ya mbele yametoka na madoa ya kahawia, unataka apakwe vanishi ya floridi, yale madini ya kukinga meno yasioze, "yaimarike", na mdogo wake wa miaka 3 aanzishiwe vidonge vya floridi mapema. Hiyo picha nimeshaicheza, tena mimi ndiye nilikuwa steringi.

Hayo madoa yana dalili zote za floridi iliyozidi, iliyoingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Mimi sikujua. Jamaa wa duka la dawa, koti jeupe, kalamu mfukoni, alimmulika mwanangu mdomoni kwa tochi ya simu akasema "madini yamepungua". Yamepungua! Meru hii, ambako maji yenyewe yamejaa floridi! Akaniuzia vidonge, nikammezesha mdogo mtu kila asubuhi miaka miwili, tena kwa maji ya chemchemi niliyoyachemsha kwa bidii zote. Kumbe kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanaondoka na mvuke, floridi inabaki sufuriani. Nilikuwa naikausha kama mchuzi! Meno ya ukubwani ya yule mdogo yalipochomoza, ya kaka yake yakaonekana ya tangazo la dawa ya mswaki. Sasa ana miaka 11, akipigwa picha anafumba mdomo. Hapo huwa sicheki.

Ndipo nikapima maji: miligramu 6 na ushee za floridi kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema zisizidi 1.5. Nilipomrudia yule wa koti jeupe, akaniuliza kama nina risiti.

Vanishi yenyewe sina ugomvi nayo. Inapakwa kidogo kwa kibrashi, inagandia kwenye jino, inazuia kuoza, na meno yenye madoa nayo huoza. Ila ni kali, sehemu 22,600 za floridi kwa milioni wakati dawa ya mswaki ya wakubwa ni kama 1,450, kwa hiyo apake daktari wa meno. Na kahawia haitoki kwa vanishi, maana imo ndani ya gamba la jino.

Pima maji kwanza! Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, kaulizie chujio la mkaa wa mifupa. La sivyo kinga maji ya mvua, ya kunywa na ya kupikia. Magadi kwenye makande acha kabisa, nayo yana floridi.

Bei ya vanishi uliyouliza, wengine watakujibu. Huyo wa miaka 3, leo amekunywa maji gani?