Zimeni injini: ndege waimbaji adimu wanapita

Mwongoza watalii mwenzangu wa Moshi ameniuliza kwa ujumbe ninawapataje ndege waimbaji adimu mwezi wa Machi na Aprili, ilhali yeye hurudi na orodha ileile ya shore na chozi. Jibu langu ni moja: mimi husikiliza kwanza, darubini hufuata.

Miezi hiyo ndege waliokuja kukwepa baridi ya Ulaya na Asia huanza kurejea makwao kuzaliana, na kwa kuwa masika huleta wadudu tele, hula kwa pupa ili wapate mafuta ya safari. Wengine huanza kuimba wakiwa bado kwetu. Luscinia luscinia, mwimbaji mdogo wa kahawia, hukaa chini kabisa ya kichaka, na usipomsikia hutajua kama yumo. Acrocephalus palustris, naye mdogo wa kahawia, ni mtihani mkubwa zaidi, maana dume mmoja huiga kwa wastani sauti za zaidi ya spishi 70, za Ulaya na za Afrika. Ukisikia shore na mbayuwayu wakipokezana upesi ndani ya kichaka kimoja, usiondoke: huenda ni yeye.

Anayeniuma moyo ni jamaa yake wa kwenye matete, Acrocephalus griseldis. Huzaliana hasa katika vinamasi vya Irak, ambavyo vilikaushwa miaka ya 1990 na kuanza kurudishiwa maji mwaka 2003, naye yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Nilimwona kwenye matete upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu: mdomo mrefu mwembamba, tumbo jeupe, mgongo wa kahawia ya kijivu. Nilipomtaja, mwongozaji aliyenizidi umri alicheka mbele ya wageni. "Mdogo wangu, hao wa kahawia wote ni walewale." Nilinyamaza, kwa kuwa mkubwa habishiwi hadharani, lakini sijasahau. Machi hii nimempata tena, nikampiga picha na kumrekodi, na mtaalamu niliyemtumia amekubali bila kusita.

Kwa hiyo, vijana, acheni kukimbizana na magari kwa ajili ya simba mmoja aliyelala. Fikeni kabla jua halijawa kali, zimeni injini, simameni kimya, sikilizeni. Mkiwa kwenye matete, mlinganisheni griseldis na jamaa yake mwingine, Acrocephalus arundinaceus, ambaye ni mkubwa zaidi, ana mdomo mnene na sauti ya kukwaruza. Griseldis huimba kwa upole. Na rekodini kwa simu kabla ya kumtaja, hasa mkiwa na wakubwa garini.