Nililia kwenye Mrs. Doubtfire, kumbe wachambuzi waliiponda?

SWALI: Habari za kazi dada wa filamu, mi msomaji wenu wa siku nyingi niko Morogoro. Jumapili mvua ilivyotukalisha ndani nikawawekea wanangu wawili Mrs. Doubtfire, ile ya baba anayejigeuza yaya wa kike ili apate kuwaona watoto wake, tumecheka mpaka mbavu zinauma alafu mwishoni nikajikuta nalia, nikajifanya naenda jikoni kuangalia maharage. Mi na baba yao tuliachana mwaka juzi. Sasa nikamsimulia mwenzangu mmoja wa kazini anayejua sana mambo ya muvi, akasema hiyo wachambuzi waliiponda, eti ni ya kuwakamua watu machozi tu, nikajiona mshamba. Ni kweli waliiponda? Na walikua na haki? Alafu mwanangu mkubwa anauliza ile sura ya bibi ilikua barakoa au nini. Mama Wawili, Morogoro.

JIBU: Nzuri dada yangu, poleni na mvua. Hilo la ushamba lifute kabisa. Mi mara ya kwanza niliiangalia kwa shangazi yangu, kanda ya video imechakaa mpaka picha inakata mistari, na bado pale mahakamani palinikaba koo, yule baba, Daniel, anapomwambia jaji kwamba kumtenga na wanae ni sawa na kumnyima hewa. Shangazi alikua anakunja nguo, akaacha kukunja.

Mwenzako hajakudanganya ila habari hajaimaliza. Filamu ilitoka Marekani Novemba 1993, mwongozaji Chris Columbus, na wachambuzi waligawanyika, wapo walioisifu na wapo walionuna. Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, ambaye neno lake lilikua na uzito sana, aliipa nyota mbili na nusu kati ya nne. Aliilinganisha na Tootsie ya 1982, ambayo nayo mwanaume anavaa kike, akaona ile ya Dustin Hoffman ina akili zaidi na hii imekaa kama vichekesho vya kwenye tivii, na kwamba Robin Williams, anayemwigiza Daniel, ni kama anajiigiza yeye mwenyewe akiigiza mwanamke.

Hapo kwa Williams mi nakataa. Ni kweli jamaa alikua haishiki skripti, anabuni maneno papo hapo mpaka Columbus ilibidi aweke kamera kadhaa kwa mpigo asije akakosa kitu, lakini Daniel ndo mtu wa namna hiyo hiyo! Ni baba anayejua kuchekesha na hajui kingine chochote, akiminywa anatoa sauti nyingine, na ndo sababu ndoa imemshinda. Mwangalie pale mama wa ustawi anapokuja kukagua nyumba, ile sura ya bandia imeshaangukia barabarani na gari limeikanyaga, Daniel anafungua friji anatumbukiza uso mzima kwenye keki, anatoka amepakaa krimu nyeupe eti ni ya urembo, alafu inaanza kuyeyuka inadondokea kwenye chai ya mgeni. Wanangu hapo hua wanagaragara chini. Lakini ukimtazama vizuri yule ni mtu anayehofia kunyang'anywa watoto.

Kwa mama nakubaliana na walionung'unika. Miranda, anayeigizwa na Sally Field, amebebeshwa ukali wote, yeye ndo anayefanya kazi, analipa bili, anakuta mbuzi na farasi sebuleni siku ya bethidei, na filamu inachukua muda mrefu mno kabla haijamwacha aongee kuchoka kwake. We uliyelea wawili peke yako nadhani umeliona hilo kabla yangu.

Ila hilo la kukamua machozi ndo linaloniuma zaidi. Filamu inayotaka machozi ya bure ingewarudisha wale wazazi pamoja, busu, muziki, kwisha. Hata kwenye skripti ya mwanzo walikua warudiane, wakina Columbus, Williams na Field wakakataa, wakasema tutawadanganya watoto ambao wazazi wao wameachana na kila usiku wanaomba warudiane. Kwahiyo hawarudiani. Mwishoni Bi Doubtfire kwenye kipindi chake cha tivii anasoma barua ya mtoto ambaye wazazi wake wametengana, anamjibu kwamba wapo wazazi wanaoelewana vizuri zaidi wakiwa hawaishi pamoja, na kwamba yeye bado ana familia. Miranda anaiangalia akiwa nyumbani, na watoto wameshatoka na baba yao. We ulikua unalilia hapo, si ndio?

Watazamaji wenyewe walishaamua mapema, ilitengenezwa kwa dola milioni 25 ikaingiza zaidi ya milioni 440 duniani, mwaka ule ilizidiwa na Jurassic Park tu. Ikachukua tuzo ya Golden Globe ya komedi bora na Williams akapata ya mwigizaji, na mwaka 2000 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, ikaiweka namba 67 kwenye komedi zao 100. Alipofariki Williams Agosti 2014 watu walikwenda kuweka maua mbele ya ile nyumba ya San Francisco iliyotumika kwenye filamu.

Mwambie kijana sio barakoa moja kama anavyoiona kwenye filamu, ni vipande vipande vilivyobandikwa usoni na kupakwa rangi, kazi ya kama masaa manne kila siku ya kurekodi, na walioifanya walipewa Oscar 1994.

Mkiiweka tena, ikifika ile barua kaa nao dada, jikoni aende mtu mwingine. Alafu niandikie watoto walisema nini.