Jibu: viatu vya Goma na Bukavu

Yaya, ulisema chembe mbili zilizofungamana (ukipima moja unajua jibu la nyingine, hata ikiwa mbali) ni kama jozi ya viatu. Mfano wako huo (kimoja kinabaki Goma, cha pili kinapanda boti kwenda Bukavu, ukifungua mfuko mmoja unajua kilichomo katika mwingine) ndiyo hoja yenyewe ya wanafizikia Einstein, Podolsky na Rosen, 1935: jibu lilikuwemo tangu mwanzo, nadharia ya kwanta (fizikia ya vitu vidogo sana) haikuliandika tu. Kwa kipimo kimoja mfano huo unatosha. Shida inaanza pale kila upande unapochagua kipimo chake. Mwanafizikia John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba majibu yaliyopangwa mapema, bila upande mmoja kuugusa mwingine, yana mpaka. Katika jaribio la aina ya CHSH, ambalo hutoa namba ya jinsi majibu ya pande mbili yanavyolingana, mpaka huo ni 2. Kwanta inafika karibu 2.83. Mwanafizikia Alain Aspect na wenzake walipima Ufaransa, 1982, na mpaka ulivukwa. Ila ujumbe hauwezi kutumwa kwa njia hiyo, usitupe simu!