Re: Mshairi gani wa Lamu wa zama zetu nianze naye?

Kaka, umeuliza mtu wa bara aanzie kwa nani, tena awe anayefundisha kwa ushairi wake. Mimi ningekupeleka kwa Ustadh Mahmoud Mau bila kufikiri mara mbili. Jina kamili ni Mahmoud Ahmed Abdulkadir, kazaliwa 1952, imamu wa Msikiti wa Pwani kwa miaka mingi. Na kabla hujamdhania ni mtu wa mimbari tu, amekuwa pia mwoka mikate.

Anza na "Wasiya wa Mabanati" wa 1974, nasaha kwa wasichana. Lakini tafadhali usianze kwa kuusoma, usikilize! Ulisambaa kwa kaseti, na kwetu shangazi alikuwa akiuweka huku akichambua mchele. Akifika pale panapomgusa, mkono unasimama juu ya ungo. Nilikuwa mdogo, nikidhani anaumwa.

Kiamu, yaani lahaja ya Lamu, kitakusumbua mwanzoni. Ukisikia "ndia" jua ni njia, "mato" ni macho, "ndoo" ni njoo (si ya maji, mimi ilinichanganya hiyo). Baada ya beti ishirini hivi sikio linazoea.

Ukishamaliza, tafuta "Kimwondo" wa 1975, ule wa siasa za uchaguzi Lamu. Binafsi naupenda kuliko wasiya, maana hapo nasaha ina meno. Ukitaka maandishi, wachapishaji Brill walitoa mkusanyo wa tungo zake mwaka 2023 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.