Kama ujamaa haujui hesabu, Sputnik iliruka vipi?

SWALI: Wapenzi wa soko huria husema mchumi Ludwig von Mises alishathibitisha kuwa ujamaa hauwezekani, kwa kuwa hauna bei za kupigia hesabu. Mbona Wasovieti walirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, mwaka 1957, tena wakawatangulia Wamarekani? Na kampuni kubwa nazo, si hupanga mambo yao kwa amri kutoka juu?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako linawabana zaidi wafuasi wa Mises kuliko Mises mwenyewe. Katika makala yake ya 1920 hakusema serikali haiwezi kuunda kitu. Alitoa mfano wa reli. Mhandisi atakuambia reli inahitaji chuma kiasi gani. Lakini chuma hicho kiende kwenye reli, kwenye matrekta, au kwenye vitanda vya hospitali? Hapo mhandisi hana jibu. Kwenye soko watu hulinganisha bei. Ila viwanda na migodi yote ikiwa ya mmiliki mmoja, asiyemuuzia wala kununua kwa mtu, bei itatoka wapi? Sputnik inaonyesha kwamba ukimwaga kila kitu kwenye jambo moja, utalipata. Haikuambii nini kilikosekana kwa ajili yake. Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa Wasovieti, alilalamikia taa za dari zilizotengenezwa nzito ajabu, kwa kuwa malengo ya kiwanda yalihesabiwa kwa uzito.

Oskar Lange, mjamaa wa Poland, alijibu mwaka 1936: wapangaji waweke bei, kisha warekebishe, bidhaa zikirundikana washushe, zikiadimika wapandishe. Akatania kwamba Mises anastahili sanamu kwenye ukumbi wa wizara ya ujamaa, kwa kuwafanya wajamaa walione tatizo hilo. (Wabishi wa leo hawana utani huo, wana matusi tu.) Hayek, mchumi wa upande wa Mises, naye akashikilia, mwaka 1945, kwamba maarifa yanayohitajika hayakusanyiki kwenye meza moja: yametapakaa kwa watu, kila mtu na ya mahali pake.

Kuhusu kampuni, umegusa penyewe. Mchumi Ronald Coase alieleza mwaka 1937 kwamba kampuni hutumia amri kwa sababu kwenda sokoni kwa kila jambo kuna gharama. Hata hivyo kampuni imezungukwa na bei za wengine, na ikikosea hesabu inafilisika. Kwa hiyo wanaodai kila mpango ni upuuzi wanyamaze kidogo.

Nisichokubali ni kuichukua hoja hii na kumtwanga nayo Keynes, mchumi Mwingereza aliyetaka serikali itumie fedha zaidi uchumi unapodorora ili watu wapate ajira. Yeye hakutaka kufuta bei wala mali binafsi. Anayetaka kumkosoa aanzie kwa mchumi Milton Friedman, aliyeonya mwaka 1967 kwamba mfumuko wa bei haununui ajira kwa muda mrefu. Miaka ya 1970 vyote viwili, mfumuko na ukosefu wa ajira, vilipanda pamoja.