Binti yangu haniambii kitu: nimwulizeje?

SWALI

Salaam mtaalamu. Mimi ni baba wa watoto watatu, mkulima wa korosho hapa Tandahimba. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Zamani nikirudi shamba alikuwa ananipokea na hadithi hadi mama yake anamwambia aniache nioge kwanza. Sasa nikimwuliza habari za shule ni "nzuri", nikimwuliza kama ana tatizo ni "hamna". Mwezi uliopita mwalimu wake wa darasa alinipigia simu kwamba amekosa shule siku tatu, na nyumbani alikuwa anaaga kila asubuhi. Nilimkalisha sebuleni mbele ya mama yake na bibi yake nikamhoji karibu saa nzima. Akalia tu. Nikamnyang'anya simu, mpaka leo ninayo. Mama mkwe anasema binti akishachezwa unyago hazoeani na baba, nimwachie mama yake na kungwi wake. Lakini mama yake naye haambiwi kitu. Naomba jibu la kitaalamu: nimwulizeje ili aseme ukweli? Na simu nimrudishie, au niipekue kwanza?

JIBU

Salaam baba, na ahsante kwa kueleza hata sehemu ya sebuleni, maana jibu langu linaanzia hapo.

Wazazi wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Mtwara wanatafuta swali bora la kumwuliza mtoto. Mwaka 2000 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti kuhusu vijana wa miaka 14 na wazazi wao. Walitaka kujua mzazi anayefahamu mtoto wake yuko wapi, na nani, anafanya nini, amefahamu kwa njia gani. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakidhani amefahamu kwa kuuliza na kufuatilia. Wao wakakuta kwamba sehemu kubwa ya anachokijua mzazi hutoka kwa mtoto mwenyewe, aliyeamua kusema bila kubanwa. Maswali na ulinzi vilichangia kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kwa hiyo, badala ya kutafuta swali la kumwuliza binti, jiulize wewe: mara ya mwisho aliponiambia jambo linalomsumbua, alipata nini?

Mtoto wa miaka 15 anapiga hesabu hii kila siku. Akisema kapata alama mbaya anapewa hotuba ya jinsi korosho zinavyouzwa kwa jasho ili yeye asome. Akimwambia mama kuna kijana anamsumbua njiani, jioni bibi ameshajua, na kesho yake shangazi anapiga simu kutoka Masasi. Baada ya mara mbili tatu anajifunza kwamba neno "nzuri" halina gharama. Sisemi nyumba yako iko hivyo. Ila pitia miezi iliyopita ukiwa na jicho hilo, na mwombe mama yake naye afanye hivyo, kila mtu peke yake.

Sehemu ya ukimya wake ni ya umri, na hiyo isikutishe. Kijana wa umri huu anahitaji kuwa na mambo yake. Inayonipa wasiwasi ni ile iliyoongezeka baada ya kikao. Watu wazima watatu, mtoto mmoja, sebuleni: kwetu kikao cha namna hiyo huitishwa ili kutoa hukumu, na yeye anajua. Mtu aliyeingiwa na hofu hapangi maneno vizuri, awe mtoto au mzee. Kulia kwake hakukuwa ujeuri wala ushahidi wa hatia. Ndilo jibu pekee alilokuwa nalo kwa wakati ule.

Basi kazi ya kwanza ni kurekebisha, kabla ya swali lolote jipya. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye tangu miaka ya 1970 amechunguza mawasiliano ya mama na mtoto mchanga, alionyesha kwamba hata wale wanaopendana sana hupishana mara kwa mara: mmoja anaita, mwenzake hajaitika. Kupishana ni kawaida. Kinachojenga uhusiano ni kurudiana baada ya kupishana. Nimeona jambo hilo kwa watoto wakubwa pia, na nimeona wazazi wengi wanaoruka hatua hii kwa kuogopa kushuka heshima. Hushuki. Mkute akiwa peke yake, useme kwa ufupi: "Mwanangu, siku ile nilikubana mbele ya watu. Sikufanya vizuri. Suala la shule bado linanisumbua na tutalizungumza, lakini si kwa namna ile." Kisha ondoka, ukafanye shughuli zako. Usisubiri jibu, na usiongeze "lakini na wewe..." kwa sababu hilo neno moja linafuta yote.

Baada ya hapo acha kumwita kuzungumza. Kaa naye bila ajenda. Katika nyumba nyingi za huku mazungumzo ya baba na binti yanaanza kwa shikamoo na kuishia kwenye marahaba, na yanayobaki ni maagizo: umechota maji, umefagia, daftari liko wapi. Tafuta kazi ambayo mikono ina shughuli na macho hayatazamani. Kupukuchua mbaazi. Kuokota korosho msimu ukifika. Kukaa uani mkimenya ming'oko iliyochemshwa. Kumsindikiza akienda kwa bibi yake, kwa miguu. Vijana wengi husema mambo mazito wakiwa ubavuni mwa mtu, mara nyingi karibu na mwisho wa safari, kwa sababu wanajua wakifika wataweza kukimbia. Robo saa mara tatu kwa wiki inatosha kuanzia. Msimu wa korosho utakubana, naelewa, kati ya shamba na ghala la chama cha msingi baba anaweza kupotea miezi mitatu. Basi panga kabisa siku ambazo hazitaguswa, kama unavyopanga siku ya kupulizia dawa mikorosho.

Siku za kwanza hatasema kitu. Msimulie wewe: ulichokiona mnadani, jambo lililokukera, ulivyokuwa na umri wake. Kwa ufupi, bila funzo mwishoni.

Sasa tufike kwenye dakika anapofungua mdomo. Hapa ndipo penye ufundi, na ningependa upasome mara mbili. Hataanza na jambo kubwa. Atatupa dogo aone linapokelewaje. Tuseme amesema, "Mwalimu wa hesabu simpendi." Jibu linalotutoka wengi ni, "Mwalimu hapendwi, anasikilizwa. Wewe soma." Maneno ya kweli, na mazungumzo yamekufa. Jaribu kumrudishia alichosema kwa maneno yako: "Naona kuna kitu kimekuchosha kwake." Nyamaza. Ukimya huo utakuwa mrefu kwako kuliko kwake, uvumilie. Pengine ataongeza, "Ananiita ubaoni, nisipojua darasa zima linanicheka." Wewe: "Kuchekwa mbele ya wenzako kunauma." Nyamaza tena. Hujakubaliana naye, hujamlaumu mwalimu, hujatoa suluhisho. Umemwonyesha kwamba alichosema kimefika kama kilivyo. Ukitaka kuuliza, uliza moja tu, linaloanza na "ilikuwaje" au "wewe uliona nini". Epuka "kwa nini". Neno hilo likitoka kwa baba, mtoto huandaa utetezi.

Na jambo likiwa zito, tenganisha kusikia na kuamua. Sema, "Nashukuru umeniambia. Nipe hadi kesho nifikiri." Wazee wetu kwenye usuluhishi mara nyingi hawakuharakisha kutoa neno, na kwa mtoto inafaa vilevile: anaona kwamba kusema hakuleti radi papo hapo. Kesho yake rudi kweli. Ukiahidi ukasahau, amepata jibu lake.

Usinielewe kwamba sheria za nyumba zilegezwe. Diana Baumrind, aliyeanza kuchunguza malezi Marekani miaka ya 1960, aliwaona watoto waliokuwa wakiendelea vizuri zaidi kwa wazazi waliounganisha upendo na mipaka iliyo wazi, wala si kwa wakali watupu, wala kwa wanaoachia kila kitu. Kuaga kwenda shule bila kufika ni kosa na lina adhabu yake. Ila adhabu itangazwe baada ya kusikia sababu, na iwe na tarehe ya kuisha.

Hapo ndipo ilipo simu. Umeichukua kwa hasira na hukusema mpaka lini, kwa hiyo sasa haimfundishi kitu. Mrudishie siku mnayokubaliana masharti: saa za kuitumia, na usiku inalala sebuleni ikichaji, pamoja na ya kwako. Kuhusu kuipekua, mtafiti mwingine wa Marekani, Judith Smetana, ameonyesha kwamba vijana hukubali mamlaka ya mzazi kwenye usalama, lakini huyapinga kwenye mambo wanayoona ni yao binafsi, kama marafiki na mavazi. Ukiwa na dalili ya hatari, ikague, na mwambie wazi kwamba unaikagua na kwa nini. Bila dalili, iache. Ukiipekua kwa siri utapata jumbe chache na kumpoteza yule ambaye angekuambia yote.

Mama mkwe nisimpuuze, kwa sababu kuna hekima katika anachokisema. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mtoto hakuachiwa baba na mama peke yao. Kungwi alikuwa na nafasi yake, bibi na yake, na mjomba alikuwa na neno zito. Mtoto alikuwa na watu kadhaa wa kuwaendea. Siku hizi unyago mara nyingi hubanwa ndani ya likizo, ngoma zikiisha kungwi anarudi kwake, na maswali ya binti yanakuja miaka miwili baadaye akiwa hana wa kumwuliza. Mambo ya mwili waachie wanawake wa nyumbani, heshima hiyo itunze. Lakini hakuna heshima inayomkataza baba kujua siku ya binti yake imekwendaje. Nenda kwa mama mkwe na ombi: binti akimwambia neno, neno hilo lisitoke hadi binti aruhusu, isipokuwa kuna hatari. Na mwulize binti mwenyewe ni mtu mzima gani angependa kumwendea. Huenda ni mjomba, huenda ni jirani. Usione wivu.

Hatari nayo niiseme wazi, kwa sababu siku tatu hizo zinaweza kuwa na sababu nyepesi au nzito. Zinaweza kuwa za hedhi na kukosa vitaulo, mchango ambao haujalipwa na anaona aibu, au huo ubao wa hesabu. Vilevile anaweza kuwepo mtu mzima anayempa lifti, vocha au fedha. Likijitokeza hilo, msilimalize kifamilia hata kama mhusika ni ndugu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na hata binti anaweza kuipiga mwenyewe. Kama amebakwa, afikishwe hospitali haraka kabla saa 72 hazijapita, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya VVU hutolewa ndani ya muda huo. Akizungumzia kufa au kujidhuru, msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama ni mimba, ujue kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu aliyeacha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mtoto asiyejua hilo anaona akisema maisha yake yameisha, ndiyo maana ningependa alisikie nyumbani, kwenye mazungumzo ya kawaida, hata kama halimhusu.

Usipoona dalili hizo, jipe wiki sita au nane kabla ya kusema haijafanya kazi. Mwanzoni huenda akakupima kwa kukujibu vibaya. Kipimo changu kidogo kwa baba ni hiki: je, wiki hii amekuambia jambo lolote ambalo hukumwuliza? Hata likiwa ni habari ya paka wa jirani.

Lakini kwa mwalimu wa darasa usingoje wiki hizo. Nenda wiki hii, uulize ni siku zipi hasa alikosa na vipindi gani vilikuwepo, maana mara nyingi ratiba yenyewe inaeleza. Ila mwambie binti kabla hujaenda, na ukirudi mweleze mliyozungumza.